Mkono wa Nyamizi Hauna Kosa

Dada Hawa, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta salama hapo Kigwa, wewe na shemeji, na miguu ya mama imepungua kuvimba. Mimi huku Maskati ni mzima. Joto limeanza kupungua, kazi ya kupiga pasi ni ileile. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza, unacheka, halafu salio linaisha kabla sijafika kwenye neno lenyewe. Barua haikatizwi. Anakuletea Mama Salma wa Ipuli, tuliyekuwa tunafanya naye kazi. Keti, dada, uisome mpaka mwisho.

Juzi nilipopiga alipokea mwanangu. Nikamuuliza, "Nyamizi, karanga mmeshapanda?"

"Wamepanda."

"Na wewe je?"

"Mimi nilibaki nyumbani kufukuza kuku. Mama mkubwa amesema mkono wangu una mkosi, kama wako."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekutajia rangi ya gauni lake. Hapo ndipo niliposhikwa na hasira. Angelia ningevumilia.

Kumbe msimu uliopita alipewa tuta moja, zikaota karanga chache, basi mtoto wa darasa la pili ameshahukumiwa. Kweli, dada?

Tuta langu mimi unalikumbuka? Nilikuwa mdogo kama yeye. Baba alikuwa mbele anapiga vishimo, wewe nyuma yake unadondosha mbegu na kufukia kwa unyayo. Mimi mkanipa tuta la pembeni, karibu na kichuguu, na mbegu mkanipa zile za chini ya gunia, zilizobunguliwa, maana nani ampe mtoto mbegu nzuri akachezee. Hazikuota. Shangazi akasema mkono wa Zuhura una mkosi, na wewe ukaidaka kauli hiyo ukaifanya wimbo. Tangu hapo sikupanda hata mchicha. Kikombe kikivunjika, mkono wa Zuhura. Ugali ukiungua, mkono wa Zuhura. Nilipoachika kwa mume, sijui mkono uliingiaje humo, lakini nao ulitajwa.

Sasa nikuambie wimbo huo ulinifikisha wapi. Mwaka jana niliunguza kanzu ya mgeni hapa hotelini. Pasi ile ilikuwa mbovu na wenzangu wote walijua, lakini mimi niliulaumu mkono wangu. Kila asubuhi nikiamka nilikuwa najisemea, "Haya, mkono wa mkosi, leo unaunguza nini?" Nafula, Mkenya wa Bungoma tunayelala naye chumba kimoja, akanisikia. Akaacha kusuka nywele zake akaniambia, "Zuhura, wewe unajichapa na mdomo wako. Hata bosi hakuchapi hivyo."

Huyu Nafula kila asubuhi husimama mbele ya kioo akajisemea maneno ya kujitia moyo. Nilikuwa namcheka, nikidhani joto limempanda kichwani. Akanitaka nijaribu. Nikaanza na "Mimi ni tajiri," tukacheka mpaka mbavu zikauma. Akasema hapana, tafuta neno ambalo moyo wako hautakubishia. Nikasema, "Mikono hii inajua kazi." Siku za mwanzo, sauti iliyonibishia ndani ilikuwa yako, Dada Hawa. Yako kabisa, na kile kicheko chako. Nikaendelea kulisema kwa ubishi tu. Maneno hayaoteshi mbegu mbovu, hilo najua. Lakini nilikuwa nashika pasi huku natetemeka, na sasa sitetemeki. Ile sauti ikija naisikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba wewe ndiye bingwa wa "kauli huumba". Mtu akisema anakufa kwa njaa unamwambia ateme mate chini, kauli huumba. Mama akisema miguu hii itanizika, unamziba mdomo. Kwa mwanangu kauli haiumbi? Au inaumba kwa watu wazima peke yao? Nyamizi anaambiwa neno lile asubuhi, mchana na jioni, na mwisho atalishika mwenyewe hata wewe usipokuwepo. Mimi nililibeba mpaka ng'ambo ya bahari.

Najua unamlisha, unamvisha, akikohoa unakesha naye. Nakushukuru na sina nia ya kumwondoa kwako. Ndiyo maana naumia. Mtoto anakupenda, kwa hiyo chochote unachomwambia anakiamini.

Mvua bado zipo. Mpe tuta moja, lile la karibu na mlango wa jikoni, na umpe mbegu nzima, zile unazochagua kwa ajili ya shamba lako. Na kila asubuhi kabla hajaenda shule aseme, "Mkono wangu unajifunza." Nimechagua hilo kwa sababu ni kweli, hata zikiota mbili. Umwanzishie wewe, kwa mdomo uleule uliomwambia lile la kwanza.

Mama mwambie namwamkia kwa mwangaluka yetu ya nyumbani, na mafuta ya kuchua miguu yako kwenye mzigo wa Mama Salma. Shemeji mwambie shati lake nimelipiga pasi mwenyewe, akague atakavyo. Shangazi wa Igalula naye nisalimie, ingawa ndiye aliyeanzisha maneno haya. Mwambie sina kinyongo. Au ninacho, kidogo.

Na wewe dada, ukimaliza kusoma, kabla hujaikunja karatasi, sema mara moja tu, hata kama hakuna anayekusikia: "Mkono wa Zuhura haukuwa na kosa. Zilikuwa mbegu." Nimengoja kulisikia hilo kutoka kwako tangu nikiwa na umri wa Nyamizi.

Mdogo wako,
Zuhura