Kulia kwa Dada

3 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Habari za huko? Mgongo umepoa? Sisi wazima. Daktari kaniambia nitoke ofisini kabla ofisi haijanitoa roho. Najua unaongoza wageni kuwinda bata pwani. Naomba nafasi, kama mgeni yeyote. Nitegemee nini? Tangu siku ile sijashika bunduki.

Mdogo wako

11 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo unavumilika. Njoo Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Tegemea baridi na kungoja. Tutaingia kwenye matete alfajiri, maji yakiwa yamepwa. Nitakupa suruali ya mpira inayofika kifuani. Viatu vya ofisini tope litavila. Tutaweka bata wa bandia majini kuwavuta wa kweli, halafu kimya. Huinui bunduki mpaka niseme "sasa". Maji yakianza kujaa tunaondoka, hata bata wakitua kofiani.

Utakaa kulia kwangu. Sikio la kushoto halisikii tangu ulipofyatua bunduki ubavuni mwangu. Hilo tulishalimaliza.

Dada yako

10 Novemba

Dada,

Shikamoo. Nilifika salama, ila kuna neno limenikaa kooni. Bata walipita juu yetu wakipiga kelele. Hukugeuka mpaka mbwa wako alipoinua kichwa. Nikakuambia, "Dada, maji yanaingia!" Ukajibu, "Ndiyo, wazuri sana."

Halafu yule mwalimu, mgeni mwenzangu, akapaza sauti, "Nafyatua!" Ukasimama mbele yake. Niliusukuma mtutu wa bunduki yake juu. Ulicheka ukasema amekosa bata.

Na kulia pia hakusikii. Tangu lini?

Mdogo wako

2 Desemba

Dada,

Shikamoo. U mzima? Sijapata jibu.

Mdogo wako

17 Desemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Sikio la kulia? Tangu mwaka juzi. Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Langu halikumsikia hata daktari.

Nilikasirika, ndiyo maana nilinyamaza. Kisha nikamwandikia mwalimu. Kaeleza kama ulivyoeleza.

Jana nimerudisha kibali cha kuongoza wageni. Karani aliniuliza kitu mara mbili, mwishowe akakiandika kwenye karatasi: "Sababu?" Nikaandika chini yake: "Hiyo."

Sitaki kuhurumiwa. Ila ukipata likizo, njoo. Usibishe hodi. Sukuma mlango, uingie.

Dada yako