Mama Kulwa wa Nansio

Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi. Nimerudi nyumbani Buhongwa na tope la Nansio kwenye viatu, na sijavisafisha.

Nilivuka kwenda Ukerewe peke yangu, kuuona mji alikozaliwa mama. Tulimzika wiki tatu baada ya mimi kumaliza kidato cha nne.

Niseme ukweli hapa, maana kwa mdomo siwezi. Kila likizo nilimwomba anipeleke kwao, na kila likizo alisema Nansio hakuna kitu, mbu tu. Mara ya mwisho nilimwambia anawaonea aibu watu wake kwa sababu ni wavuvi. Aliendelea kuchambua mchele kwenye ungo.

Hatukulizungumza tena.

Wanasema zamani pale palikuwa na vibanda vya wavuvi tu, na nyavu zilizoanikwa. Leo kuna benki, gesti na maduka ya simu. Nyuma ya soko zimebaki nyumba za zamani zenye mabati yaliyoshika kutu. Niliona aibu kuuliza, nikapita mara tatu mbele ya mama mmoja anayeuza machungwa.

"Binti, umepoteza kuku?"

Nikamwamkia. Nikasema natafuta watu waliomfahamu mama yangu, Mama Anna.

"Huyo simjui."

Nikamtajia jina lake, Regina, aliyeolewa na Msukuma fundi mitumbwi. Akaweka kisu chini.

"Huyo ni Mama Kulwa. Kumbe wewe ndiye Shija."

Kwa Msukuma hilo halihitaji maelezo. Kulwa na Doto ni mapacha, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Lakini cheti changu kinasema Anna, na kwa miaka kumi na saba nimejijua kuwa mtoto wa pekee.

Alinipeleka nyuma ya nyumba moja ya zile za zamani, kwao mama. Vilima viwili vidogo vya udongo. Surua, alisema. Ndani ya wiki moja, wote wawili.

Mama yangu alikuwa akija kila mwaka, mimi nikiwa shuleni, anapalilia, kisha anarudi na boti ya mchana bila kula.

"Alikataa uitwe Shija," yule mama aliniambia. "Alisema kila akikuita atakuwa anawaita na wao."

Nilitaka kumwomba mama msamaha palepale. Nikang'oa majani yaliyoota tangu safari yake ya mwisho.

Jioni hii baba ameniuliza Nansio nimeionaje. Nikasema nzuri. Akabaki amesimama mlangoni kama anayengoja kitu, halafu akaingia ndani.

Mama sitampata tena. Nimelia mpaka kichwa kinauma, na bado namuona na ule ungo wa mchele, amenyamaza.

Baba naye amenyamaza miaka yote hiyo, na sasa hana wa kunyamaza naye.

Kesho, kabla ya ibada, nitamwambia nimewaona.