Mkunga Aliyeondoka Ukutani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Anafahamika na wote kama Mama Kurasa
Umri: Miaka 58
Kazi: Mchapishaji wa vitabu
Makazi: Chumba cha nyuma ya ofisi yake, mtaa wa maseremala

Nasema haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili zangu timamu. Nimeambiwa kwamba maelezo haya ndiyo yatakayoamua kama fundi baiskeli aliyeko mahabusu atakaa humo mpaka Jumatatu apelekwe mahakamani, au atarudi leo kwa mama yake ambaye hawezi kuinuka kitandani. Basi nitasema taratibu, na afisa aandike vizuri.

Nachapisha vitabu vya hadithi za watoto vyenye michoro, pamoja na vitabu vya historia ya mitaa yetu. Afisa ameniuliza kama hiyo ni kampuni kubwa. Nimemjibu kwamba ni chumba kimoja, baraza moja, mimi na mdogo wangu wa kiume anayechora. Pia nimemwambia kwamba vitabu vyetu vimo katika kila shule ya msingi hapa mjini, na kama ana watoto, wanatujua kuliko anavyotujua yeye. Amekubali kwamba anao wawili na kwamba wanatujua.

Naomba iandikwe jinsi tunavyofanya kazi, maana bila hilo jambo hili halieleweki. Kitabu cha historia hakiendi kwa mpiga chapa mpaka michoro yake ikae ukutani barazani kwa siku kadhaa. Pembeni tunaning’iniza penseli kwa kamba, na kibao chenye maneno haya: UKIONA KOSA, LISAHIHISHE MWENYEWE. Wapita njia wanasimama, wanabishana, wanachorachora. Anayekumbuka kwamba paa la soko lilikuwa la makuti anaandika palepale juu ya mchoro. Mdogo wangu ananuna, kisha anachora upya. Wachapishaji wenzangu wananicheka kwa utaratibu huu. Wacheke tu. Vitabu vyao nimevisoma.

Safari hii tulibandika historia ya mtaa wetu wenyewe. Mchoro wa katikati ni wa mkunga aliyewapokea duniani wazee wote wa hapa, kabla zahanati haijajengwa. Alifariki mimi sijazaliwa, na picha yake haipo popote. Tulizunguka kwa wazee, mmoja baada ya mwingine, tukiuliza paji lilikuwaje, shingo je, macho je. Mdogo wangu alichora akafuta, akachora akafuta, mpaka wazee wakasema sasa ndiye. Alimchora amefumba mdomo, uso mkavu, uso wa mtu asiyetaka mchezo. Nilipouona nilimwambia, “Mdogo wangu, hapa umeua.” Na mimi simsifu ovyo, mnaweza kumuuliza.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Alhamisi, majira ya saa kumi na mbili jioni, nilitoka nje kufunga ofisi nikakuta mchoro wa mkunga haupo. Pini zake zilikuwa zimepangwa kwenye ukingo wa baraza. Penseli nayo haikuwepo, kamba imekatwa. Mpiga chapa anaisubiri michoro yote Jumamosi asubuhi, na alishanieleza wazi kwamba nikikosa zamu yangu mtambo unachukuliwa na watu wa kalenda. Mdogo wangu alikaa kwenye ngazi akasema, “Dada, ule uso siwezi kuupata mara ya pili.” Nilikuja hapa kituoni muda uleule, nikaripoti wizi. Nilitumia maneno makali kumhusu huyo mwizi, na afisa wa zamu, Mungu ambariki, aliyaandika yote.

Leo tarehe 15, mapema asubuhi, nilisikia zogo barazani. Nilipofungua mlango nilimkuta jirani yangu seremala amemkaba shati mwanaume mmoja wa makamo. Watu walikuwa wameanza kujaa. Seremala akasema, “Mama Kurasa, mwizi wako huyu hapa. Nimemkuta anapapasa ukuta wako.” Huyo mtu alikuwa ameshachapwa makofi, mdomo unavuja damu, ila mikono yote miwili ameikunja kifuani amekumbatia bahasha kubwa. Hakujitetea kwa lolote. Alichokuwa anasema ni, “Msiukunje. Tafadhalini, msiukunje.”

Niliifungua bahasha. Ulikuwa mchoro wetu, hauna hata kunyanzi moja. Ila mdomoni palikuwa pamechorwa upya kwa penseli, kwa mkono uliokuwa ukitetemeka. Midomo ilikuwa imefunguliwa, na katikati ya meno ya juu paliachwa pengo.

Nilimuuliza kwa ukali nani aliyeharibu kazi ya watu. Akasema, “Mama yangu. Huyo mkunga ndiye aliyemzaa.”

Alinieleza palepale, umati ukisikiliza, kwamba yeye ni fundi baiskeli, na kwamba mama yake ana mwaka wa pili yuko kitandani. Ndiye anayemlisha na kumgeuza, hakuna mwingine. Mkunga alifariki bintiye akiwa na miaka kumi na miwili, na siku hizi mama huyo hulia akisema sura ya mama yake imeanza kumpotea. Alhamisi mchana fundi alipita barazani kwangu, akaona mchoro, akasoma maandishi ya chini yanayomtaja mkunga. Alipiga hodi. Mimi nilikuwa kwa mpiga chapa, mdogo wangu ametoka kwenda kula. Nilimuuliza kwa nini hakungoja, na penseli yangu ilikuwa na kosa gani. Akajibu, “Mama, kibao kinasema mtu asahihishe mwenyewe. Na yeye hawezi kuja.”

Alikusudia kuurudisha jioni ileile. Lakini mama yake alilala ameuweka kifuani, naye hakuwa na moyo wa kumnyang’anya. Nilimuuliza mama alisema nini alipouona. Akasema aliutazama muda mrefu, kisha akasema, “Ndiye. Lakini mbona wamemnunisha? Mama alikuwa na pengo, na alikuwa mtu wa kucheka. Wanawake walikuwa wanakuja wanatetemeka kwa woga, anacheka nao mpaka mtoto anatoka.” Ndipo akaomba penseli.

Nikiwa bado nautazama ule mdomo, askari walifika wakamchukua pamoja na mchoro, maana ripoti ya wizi nilikuwa nimeiandikisha mwenyewe.

Afisa ameniuliza kama nilimruhusu mtu huyu kuuchukua mchoro. Kuutoa ukutani sikumruhusu, na hilo nimemgombeza hapa kaunta mpaka ameinamisha kichwa. Kuusahihisha nilimruhusu, yeye na mama yake na kila apitaye, kwa herufi kubwa. Afisa alikuwa ameandika kwamba mchoro umeharibiwa. Nimemwomba alifute neno hilo na amelifuta.

Mdogo wangu amenifuata hapa na ubao wake na wino. Aliomba aoneshwe kielelezo, akakitazama, akafuta macho kwa mkono wa shati. Akaniambia, “Dada, wale wazee walikuwa watoto watundu. Mkunga alikuwa anawafukuza mlangoni wasichungulie. Wao wameukumbuka uso wa kufukuzwa.” Kisha akakaa kwenye benchi karibu na mlango wa mahabusu akaanza kuchora. Ni huyuhuyu aliyesema uso ule hawezi kuupata mara ya pili. Ninavyoongea sasa anamalizia meno, na askari watatu wamesimama nyuma yake wanamzibia mwanga. Nimefanya kazi naye miaka ishirini na mbili na leo namjivunia, liandikwe hivyohivyo, lisipunguzwe.

Fundi baiskeli alitufanyia kazi ambayo mimi na mdogo wangu, kwa kuzunguka kote kule, hatukuiweza. Sikuibiwa. Naondoa malalamiko yangu yote pamoja na maneno niliyoyasema jana, na namwomba afisa amfungulie sasa hivi, kwa sababu mama yake hajapata hata maji tangu alfajiri.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Nimesomewa, nimerekebisha mahali panne, na sasa yamenyooka.

Sahihi ya shahidi: Mama Kurasa

MAELEZO YA AFISA

Nimeyaandika maelezo haya kama alivyosema shahidi, pamoja na marekebisho yake. Malalamiko yameondolewa. Mtuhumiwa ameachiliwa saa nne asubuhi. Mchoro wa kwanza umerudishwa kwa shahidi. Mchoro wa pili, ambao si kielelezo, shahidi amempa fundi akamwoneshe mama yake kabla haujaenda kwa mpiga chapa. Kwa kuwa wino ulikuwa bado mbichi na nyumba iko mbali, nimempeleka mwenyewe kwa gari la kituo.

Nyongeza: Mama huyo amepewa maji, kisha mchoro. Ameutazama, akacheka. Amesema hana la kusahihisha.