Miguu Minne ya Tangi

Bwenini, 3 Oktoba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na kwamba mgongo wa mama umepata nafuu. Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho sina hakika nacho.

Baba, sielewi. Mhadhiri huandika ubaoni kwa mkono wa kulia na kufuta kwa wa kushoto, na anachokifuta mimi bado sijakiona. Wenzangu hutikisa vichwa kama watu wanaokumbushwa jambo la utotoni. Nami hutikisa. Jana mwenzangu wa chumba, tunayemwita Bisibisi kwa wembamba wake, aliniuliza nimelipataje jibu la swali la pili. Nikamwambia, "Kwa njia ile ile." Sikuwa nimelifanya. Jaribio la kwanza nimeambulia patupu.

Naomba ruhusa ya kurudi nyumbani kabla sijaaibika zaidi.

Mwanao


Nyumbani, 19 Oktoba

Mhandisi wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mama yako sasa anainama na kuinuka bila kushika ukuta.

Barua yako nimeisoma. Nimefundisha watoto wa watu tangu hujazaliwa, na kila aliyeniambia "sielewi" nilimwambia akae chini asome tena. Nawe kaa chini usome tena. Hapa mtaani siitwi Mwalimu siku hizi. Naitwa Baba Mhandisi, hata na kinyozi. Usinivue jina hilo.

Kuna kazi. Bomba letu hutoa maji linapojisikia, kwa hiyo nimenunua tangi kubwa. Nataka mnara wa chuma wa kuliweka juu. Nichoree. Fundi wa kuchomelea anasubiri.

Baba yako


Bwenini, 4 Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za mgongo wa mama. Mimi sijambo.

Mchoro huu hapa. Nimeuchora kwa wino, kutoka mbele, ubavuni na juu, kama tulivyofundishwa katika somo la michoro, ambalo ndilo pekee ninalolimudu. Miguu ni minne na imesimama wima. Bisibisi ameutazama kwa muda mrefu, akasema, "Ndugu yangu, huu ni wa kutundika ukutani." Ni mara yangu ya kwanza kucheka tangu nije huku.

Yale niliyokuandikia mwanzo, yasahau. Nimekaa chini.

Mwanao


Nyumbani, 12 Desemba

Mhandisi wangu,

Marahaba, na pole na masomo. Sisi ni wazima kabisa.

Mnara umesimama. Nilimwambia fundi asiongeze kitu wala asipunguze, kwa kuwa huo ni mchoro wa chuo kikuu. Tangi limejaa maji tangu juzi. Muuza mkaa alilitazama hadi kofia ikamwanguka, akaniuliza kama utakubali kumchorea naye choo.

Mama yako amehamishia jiko lake chini ya mnara kwa sababu ya kivuli. Anasema akipika pale huona kama umekaa naye.

Baba yako


Bwenini, 20 Januari

Baba,

Shikamoo, na unisamehe kwa kutouliza hali. Mtoe mama jikoni. Fungua maji yote yamwagike. Fanya hivyo kabla hujamaliza kusoma.

Leo mhadhiri amesimamisha vijiti vinne mezani, wima, akaweka kitabu juu yake. Akatuuliza kama vitabeba. Tukasema ndiyo. Akavisukuma kwa kidole, vyote vikalala upande mmoja. Kisha akavifunga kwa vijiti vya mshazari, toka mguu hadi mguu, akasukuma tena, visitikisike. Mnara wangu hauna hata chuma kimoja cha mshazari. Nilikuchorea kitu kizuri, Baba. Sikujua kama kitasimama.

Nimepiga simu posta ya huko. Wanasema laini imekatika.

Mwanao


Bwenini, 9 Februari

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Bado laini imekatika. Nauli nimetafuta kwa kila ninayemfahamu, nimekosa. Nikifumba macho namwona mama akichochea moto.

Nisiposikia neno, nitajua tangi limeanguka. Hapo sitakuwa na uso wa kuja nyumbani, wala sababu ya kubaki hapa.

Mwanao


Nyumbani, 17 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mvua ilikata barabara, na barua zako zote mbili zimefika leo asubuhi kwa pamoja.

Nilimtoa mama yako jikoni kwa kumvuta mkono, sufuria ikiwa motoni. Nikafungua bomba la tangi. Watu wakaja na ndoo wakicheka: "Baba Mhandisi leo anagawa maji." Nikawafukuza kama ninavyofukuza watoro. Maji yalipofika nusu, mguu mmoja ulisogea, na mingine ikaufuata polepole, kama mzee anayepiga magoti. Jiko halipo. Sufuria tumeikuta bapa kama sahani. Mama yako hana hata mkwaruzo; anasema utamnunulia nyingine.

Jibu upesi.

Baba yako


Mlangoni pako, 11 Machi

Mwanangu,

Mama yako ni mzima. Nimeanza na hilo makusudi.

Barua yangu ya mwezi uliopita imenirudia ikiwa imeandikwa juu yake "Hayupo". Nimeileta mwenyewe; imo ndani ya bahasha hii. Bisibisi amenifungulia mlango. Kweli ni mwembamba. Ameniambia kwamba hulali hapa wala hukanyagi darasani, ila mara moja moja huja kubadili shati na kuondoka. Shati lako la buluu lipo kitandani. Nimelikunja.

Nimekaa kwenye benchi mbele ya karakana ya chuo, mkabala na mlango wako. Mhadhiri mmoja alipita akaniuliza namsubiri nani. Nilifungua kinywa kusema mhandisi. Nikasema, "Mwanangu."

Ile barua yako ya kwanza ninayo mfukoni. Nimeisoma tena njiani, nikagundua kwamba sikukuuliza hata ni nini usichokielewa. Njoo unieleze. Sitakuambia ukae chini usome tena. Huenda nami nisielewe. Basi tutakuwa wawili.

Usiku nitalala kwa mlinzi, amekubali. Asubuhi nitakuwa hapa hapa. Benchi lina nafasi.

Baba yako