Marinda ya Gauni la Buluu

4 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Habari za huko? Kikohozi kimekuachia? Sisi wazima. Mama anaamka na mgongo wake, lakini cherehani hajaiacha.

Nimesikia kampuni yenu imeichagua ile picha niliyompiga Mama akishona, iwe jalada la kitabu cha mafundi. Nilifurahi, mpaka niliposikia ni wewe utakayeiandaa kwa kuchapwa. Mimi nilishaiandaa. Buluu ya gauni lake ni kali mno, kwenye kompyuta inaonekana lakini wino hauifikii. Kwa hiyo nilichagua ile njia ya kugeuza rangi inayozirudisha zile zilizozidi uwezo wa wino tu na kuziacha nyingine zilivyo. Nilipima rangi ya shavu la Mama kabla na baada, vipimo ni vilevile.

Tafadhali usiiguse.

Dada yako


19 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Kikohozi kimepoa, nashukuru. Mpe Mama pole ya mgongo.

Usinikasirikie, nimeigusa. Njia yako imeutunza uso, sikatai, lakini gauni limekuwa bapa. Buluu zote zilizozidi zimerundikwa kwenye buluu moja, marinda hayaonekani. Nimerudi kwenye picha ya mwanzo nikatumia njia nyingine, ile inayozisogeza rangi zote kwa pamoja ili tofauti kati yake zibaki. Shavu limepauka kidogo, ila marinda yamerudi. Bosi ameipitisha.

Nakutumia nakala mbili za majaribio, yako na yangu. Muonyeshe Mama.

Mdogo wako


2 Julai

Dada,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani? Simu zangu hupokei, na Mama nikimuuliza ananiambia uko kazini. Kitabu kimetoka, jina lako limo kama mpiga picha. Zile nakala zilifika? Nijibu hata neno moja.

Mdogo wako


20 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo, mimi ndiye sikuwa sawa.

Zilifika zamani, nikazifungia kabatini. Ni wivu, sina jina lingine la kuupa. Tulijifunza kazi kwenye kompyuta moja, tukigombea kiti, kampuni ikaja kukuchukua wewe. Ukija likizo Mama anakuvalia nguo nzuri. Mimi ananipokea na ile ya kulalia, soksi mguu mmoja. Halafu picha yangu, nayo ukaitia mkono.

Jumapili Mama alizikuta akitafuta uzi. Sikumwambia ipi ya nani. Aliziegemeza dirishani akaziangalia kwa muda mrefu, nami moyoni nikasema atachagua yangu, iliyoutunza uso wake. Akachukua yako. Akapitisha kidole kwenye marinda.

"Haya yalinitoa jasho," akasema. "Uso nauona kila siku kwenye kioo."

Ameitundika juu ya cherehani. Njia yako ndiyo iliyofaa, hilo nakupa. Wivu haujaisha.

Dada yako


5 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata ulipokuwa unanisema.

Mama ananivalia nguo nzuri kwa sababu nimekuwa mgeni. Hivi unadhani sikuonei wivu kwa ile soksi ya mguu mmoja? Nilipoigeuza picha kwa njia yangu, shavu lilipopauka, nilikaa mbele ya kompyuta nikijiuliza limepotoka kiasi gani. Sikuweza kujua. Rangi ya uso wa Mama siikumbuki tena, Dada. Nilisema "kidogo" kwa kubahatisha.

Kama ile yako haijatundikwa, naomba unitumie.

Mdogo wako


18 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakusalimu, mgongo umetulia.

Picha situmi. Niliyobaki nayo ni hiyo, usiniombe tena. Ukitaka kuujua uso wake, njoo uutazame. Nimeshamwambia kwamba unakuja, na tangu asubuhi anapiga pasi.

Dada yako