Mstari wa Idris Bepari katika Kitabu cha Wahitimu

CHAMA CHA WAHITIMU WA CHUO CHA SHERIA CHA SHALUKDANGA
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SITA CHA KAMATI YA KITABU CHA MIAKA HAMSINI

Tarehe: Ijumaa, 19 Januari 2024
Mahali: Maktaba ya Mawakili, Mahakama ya Wilaya, Shalukdanga

WALIOHUDHURIA
1. Wakili Mofakkharul Talukdar – Mwenyekiti
2. Wakili Biplob Hawladar – Mhariri wa kitabu
3. Wakili Monowara Begum – Mjumbe
4. Wakili Sufia Dilruba – Katibu

ASIYEHUDHURIA
Wakili Shamsuzzoha Mridha – kwa udhuru (homa ya matumbo)

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 9:20 alasiri, dakika hamsini baada ya muda aliouweka mwenyewe. Pitha za mvuke, yaani vitumbua vya unga wa mchele, zilikuwa zimewahi kuliko yeye na zimeshapoa.

KUMB. NA. 2/6: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TANO
Wakili Biplob aliuliza kwa nini ajenda ya fomu ya mafanikio ya Katibu imeahirishwa vikao vitatu mfululizo. Mwenyekiti alijibu kwamba chakula cha moto hakiliwi kwa pupa. Wakili Monowara alisema hiki kimepoa mpaka kimeota ukungu. Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/6: FOMU ZA MAFANIKIO ZILIZOPOKELEWA
Mhariri alitoa taarifa kwamba fomu 212 zimepokelewa kutoka kwa wahitimu wanaotaka mafanikio yao yachapwe kitabuni. Wamo majaji tisa, mabalozi wawili na mhitimu mmoja aliyejaza kuwa ameteuliwa jaji ilhali hajateuliwa. Alipoulizwa, alitoa ushahidi wa mabango ya pongezi yaliyotundikwa na shemeji zake kwenye nguzo za umeme. Iliamuliwa arudishiwe fomu yake, asubiri serikali imfikie kama shemeji walivyomfikia.

KUMB. NA. 4/6: FOMU YA KATIBU
Mwenyekiti alielekeza Katibu atoke nje kwa kuwa ajenda inamhusu. Wakili Monowara alipinga: "Atoke, nani aandike? Wewe kaka, mwandiko wako hata karani wako anaukimbia." Katibu alibaki. Wakili Monowara aliagiza pia kwamba kuanzia hapo maneno yaandikwe kama yanavyotamkwa.

Mhariri alisoma fomu. Ina mstari mmoja tu: "2021: alimtoa rumande Idris Bepari, fundi wa riksho, aliyekaa miaka tisa akisubiri kesi ya wizi wa mabati sita, kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu."

Mwenyekiti alisema hayo si mafanikio. "Binti, kumtoa mtu rumande ni kazi ya kila siku. Mpishi hapewi nishani kwa kuwa amepika."

Katibu, ambaye alijifunza uwakili chini ya Mwenyekiti na hadi leo humwita Mwalimu, alijibu: "Kama ni ya kila siku, Mwalimu, mbona haikufanyika miaka tisa?"

Wakili Biplob aliuliza nani alikuwa wakili wa Idris wakati huo. Mwenyekiti alisema swali liko nje ya ajenda. Katibu alieleza kwamba fomu haimtaji wakili huyo, wala yeye hatamtaja. Alieleza tu kwamba jaladani mna hati arobaini na moja za kuomba kesi iahirishwe, zote zimeletwa na karani wa wakili huyo, na zote zinasema wakili anaumwa homa ya matumbo. Ifahamike kwamba homa hiyo ni desturi ya mawakili wa mji huu. Hakimu hutia saini bila kusoma.

Wakili Biplob alisema: "Mara arobaini na moja! Lahaula! Huyo wakili bado yu hai?"

Mwenyekiti alikunywa maji.

Wakili Monowara alisema: "Kaka Mofakkharul, mimi na wewe tulivaa koti jeusi la uwakili mwaka mmoja. Usinifanye nikasema."

Mwenyekiti alipendekeza ajenda iahirishwe hadi kikao cha saba. Mhariri alikumbusha kwamba kitabu kinakwenda kiwanda cha uchapaji kesho saa tatu asubuhi, na kikao cha saba hakipo. Hapo Mwenyekiti aliagiza hesabu ya hati ifutwe kwenye kumbukumbu hizi.

Katibu alikataa. Alieleza kwamba Idris alipokamatwa, gazeti la hapa lilimwita mwizi, kwa jina na jina la baba yake. Alipoachiwa huru halikuandika hata nusu mstari, na mtaani kwake bado watu wakimwona huhesabu mabati yao. "Nilimwahidi kwamba jina lake litachapwa mahali na ukweli wake. Sina kingine cha kumpa. Mstari ukiondolewa, Mwalimu, liondoeni na jina langu, na katibu mtafute mwingine." Katibu anakiri kwamba sauti yake ilipanda, na haombi radhi.

Kura: waliokubali wawili. Katibu hakupiga kura. Mwenyekiti hakuinua mkono upande wowote.

AZIMIO: Mstari uchapwe kama ulivyo.

KUMB. NA. 5/6: MENGINEYO
Mwenyekiti aliuliza Idris anaendeleaje. Katibu alijibu kwamba anaunda riksho nyuma ya soko la samaki, kazi yake nzuri, ila hawezi kukaa kwenye chumba kilichofungwa mlango, hata kwa baridi hii ya Januari. Mwenyekiti hakuigusa pitha yake.

KUMB. NA. 6/6: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilimalizika saa 11:10 jioni. Daftari la kumbukumbu lilipelekwa nyumbani kwa Mwenyekiti ili atie saini, likarudi Jumamosi saa moja asubuhi. Hakulileta karani, alilileta mwenyewe. Kilichoongezwa hapa chini kimeachwa kama kilivyoandikwa kwa mkono wake.

MAREKEBISHO YA MWENYEKITI
Kumb. Na. 4/6: panapotajwa wakili wa Idris Bepari, paandikwe Mofakkharul Talukdar. Hati si arobaini na moja, ni arobaini na tatu. Mbili, ambazo hazimo jaladani, nilizipeleka mwenyewe. Sikuumwa hata siku moja.

(Saini) Mofakkharul Talukdar
MWENYEKITI

(Saini) Sufia Dilruba
KATIBU