Wiki yako ilikaa kilio pamoja na sisi

Sifa mutoto wangu, mama wa lubunga,

Ni mi papa yako naandika, hakuna mutu ananiandikia. Riziki, ule rafiki yako mwenye kutengeneza mashini ku Baraka, alitaka nimuambie maneno yeye ayaandike, alisema itaenda mbio. Nikakataa. Mi niliyejenga karibu nusu ya kuta za matofali unaziona toka Baraka kupanda mpaka Fizi, nishindwe na herufi? Niko nabonyeza na kidole kimoja, pole pole, vile ulinifundisha. Kama kuna makosa, batu batatengeneza. Hapa mu wiki yako kila mutu ana ruhusa. Ni we ulisema hivyo.

Unakumbuka siku ya kwanza uliingia mu lubunga? Ile ni nyumba ya banaume, banakaa kando ya moto banahesabu bababu. Bamama banaletaka chakula, banaweka ku mulango, banarudia. We ulileta ugali na samaki, ukabaki umesimama, unasikiliza. Bazee bote bakaniangalia mi. Nikabaambia, huyu ni wangu, anakaa. Mu Fizi yote hakuna baba mwingine angesubutu ile, na mpaka leo banajua. Siku ile muzee mumoja alikuwa anataja ukoo wake, akapita juu ya babu mumoja, na mwenye kukaa pembeni yake akamuambia, "Hapo umeruka. Rudi." Akarudi. Ulicheka njia yote ya kuenda nyumbani. Ulishangaa vile banakosoana na hakuna anakasirika. Nikakuambia banakasirika sana, lakini banabaki bamekaa. Ukoo hatutajake peke yetu. Mwenye kutaja peke yake tunamuita muongo, hata kama anasema kweli.

Halafu ukaenda masomo ku Uvira, ukarudi na kasanduku keusi, ukubwa wa tofali moja. Ukakaweka ku meza yangu, ukakafunga ku betri ya pano ya kuvuta umeme wa jua. Ukasema, papa, hii ni lubunga, lakini mulango wake uko mu telefone ya kila mutu. Ukaiita wiki, si ile ya siku saba. Mutu akiwa Kilembwe, akiwa Nundu, akiwa ng'ambo ya ziwa kwenye tulikimbiliaka wakati wa risasi, anafungua, anasoma majina ya milima na mito na koo zetu, anasoma maneno ya Kibembe yenye batoto bamesahau. Akiona kosa anatengeneza yeye mwenyewe. Na kila kitu kinapita kwanza mu kale kasanduku, ku meza yangu. Nilikuwa nakamata kila mugeni mukono, namuonyesha. Namuambia, dunia yote inasomea hapa, ku meza ya Papa Sifa. We ulikuwa unainamisha kichwa. Hukupenda nisifu meza.

Ulisema meza ndiyo shida. Meza moja, nyumba moja, na siku moja ya mvua mubaya inatosha. Kwa hiyo ulikuwa unatoa kopi mu mashini, unaitia mu vidisike vidogo vyeusi, kila kimoja unakifunga mu kipande cha kitambaa, unakiweka mu valizi yako ya nguo. Mi niliona nikafikiri ni sawa na magunia ya muhogo: gunia hili limejazwa ku shamba hili, lile ku shamba lingine. Sikuuliza. Mi sipendi kuuliza.

Na ile vita ya chui, huwezi kuwa umeisahau. Uliandika vile nilikuambia, kwamba babu yangu aliua chui karibu ya Kilembwe, peke yake, na mukuki mumoja. Kumbe mujomba wako Anzuruni, ule shemeji wangu wa Nundu mwenye mudomo murefu, akaingia mu wiki akaandika eti banaume balikuwa batatu, na chui ilikuwa tayari mu mutego. Nilipandisha sauti mpaka bajirani bakatoka. Nikakuambia ufute. Ukakataa.

"Siwezi kumufuta mutu, papa. Muandikie."

Nikasema mi herufi sijui vizuri. Ukasema, "Basi chui itakufundisha."

Na ikanifundisha kweli. Kila asubuhi ulikuwa unanikalisha ku meza, natafuta P, natafuta E, mpaka nikaandika PEKE YAKE. Anzuruni akaandika tena batatu. Nikarudisha peke yake. Ukanionyesha ile sehemu ya chini kwenye mashini inachungaka maneno yote ya zamani, ya kwangu na ya kwake, hakuna linapotea. Hivyo ndiyo nilijua kuandika, mu uzee huu. Batu banasema ni ajabu. Mi nasema ni vita.

Siku za mwisho ulikuwa na homa, na bado unakaa pale ku meza. Ulisema uko unaandika ukurasa wa mama yako. Nilitaka kusoma. Ukafunika na mukono, ukasema ningoje uishe kwanza. Nikangoja.

Halafu ukaenda, na kilio kikaanza.

Unajua desturi yetu. Vitu vya mufu vinakusanywa mu chumba kimoja, mulango unafungwa, hakuna mutu anagusa mpaka siku ya kumaliza kilio. Nguo zako, viatu, sufuria, valizi. Na mashini ilikuwa kitu chako. Nilitoa ile waya na mukono wangu, ile taa ndogo ya kijani ikazima, nikaifunika na kitenge chako cha buluu, nikafunga. Riziki alikuja kunisihi. Alisema wiki ni ya batu bote, haiwezi kulala. Nikamuambia mwenye wiki amelala, na wiki italala. Akalia, akarudia Baraka.

Batu bakaanza kupiga telefone. Toka Lulimba, toka ng'ambo, toka inchi za baridi zenye sijui hata kutaja. Papa Sifa, wiki haifunguke. Nilikuwa najibu neno moja tu, iko mu kilio. Na unajua balisema nini? Hakuna hata mumoja alinung'unika. Balisema pole, papa, tutangoja. Mama mumoja wa ng'ambo aliniambia na yeye hatafungua telefone yake siku ile. Batu ya kwetu, Sifa. Mahali pengine bangetukana.

Lakini mvua haikungoja. Ilipiga siku nyingi, na mu kile chumba cha kufungwa bati moja ilitoboka, hakuna mutu aliona, sababu hakuna mutu alikuwa anaingia. Siku ya kumaliza kilio tulinyoa nywele, tukafungua, tukagawa. Shangazi yako Wabiwa alichukua vitenge, ndugu yako Alimasi alichukua viatu vyako vya mvua, eti atavaa mu machimbo ya Lulimba. Vilikuwa vinamubana, akavaa tu. Vile vidisike, mu valizi vilikuwa bado vikavu, nilivigawa mi mwenyewe, kimoja kwa Wabiwa wa Kilembwe, kimoja kwa Alimasi, kimoja kwa Anzuruni wa Nundu. Nilitaka kila mutu arudie na kipande cha kazi yako. Riziki alikuwa amekaa na bamama ku jiko, hakuona. Mi nilibaki na mashini, sababu meza ni yangu.

Riziki alipokuja kuiwasha, aliinua kitenge, maji yakatoka ndani ya kasanduku. Akakausha, akangoja jua, akafunga waya. Taa ya kijani iliwaka kidogo, ikazima, haikuwaka tena.

Sifa, nimezika baba, mama, muke, na we. Nilifikiri nimemaliza. Ile siku nilijua kuna kitu kilikuwa kimebaki cha kuzika. Bababu bote wenye tulitaja, milima yote, ile mikono yote ya batu bamekimbia banaandika toka mbali ili batoto babo bajue ni ba wapi. Na ukurasa wa mama yako.

Riziki aliuliza vidisike viko wapi. Nikamuambia nimevigawa. Alifunga macho, nikafikiri atanitukana, akauliza tu ni kwa nani. Nikatuma habari, barudie na vyote, hakuna kimoja kikosekane. Wabiwa alishuka toka Kilembwe na kidisike kimefungwa mu maleso kifuani, alikuwa analala nacho. Anzuruni alileta cha kwake na maneno mingi. Alimasi alikuja wa mwisho, mikono mitupu. Alianguka na pikipiki mu matope ya njia ya Lulimba na kidisike kilipasuka.

Nilikaa chini. Nilijua ni kile ndicho kilikuwa na ukoo wetu. Nilimuambia Alimasi maneno yenye sitaandika hapa, batoto banasoma.

Riziki akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Papa, haikuwe vipande. Kila kimoja kina yote."

Nikamuambia, we ni muongo. Nikamuambia afungue cha Wabiwa mbele yangu, hapo hapo, ku mashini yake. Akafungua. Nikaona chui. Nikamuambia afungue cha Anzuruni. Nikaona chui ile ile, mito ile ile, milima, majina, na uongo ule ule wa Anzuruni wa banaume batatu. Wabiwa alianza kulia kwa sauti, na mi nikaangalia ukuta. Nilifikiri tulikugawa vipande vipande, mutoto wangu. Kumbe kila mumoja alirudia kwake na we muzima.

Na nataka ijulikane, ni desturi ndiyo ilifanya ile. Kama vidisike vilibaki mu valizi mu kile chumba cha kutoboka, mvua ingine ingevifikia vyote. Riziki alisema pia ni desturi ilifunga chumba. Sikumujibu. Hana bado miaka ya kujibiwa.

Ukurasa wa mama yako haukuwa mu kidisike kimoja. Uliuandika baada ya kopi ya mwisho. Ule ulienda na maji.

Ikabaki kujua wiki itakaa wapi. Riziki alisema isirudie mu nyumba moja. Alitaka moja ikae kwake Baraka, moja Nundu kwa Anzuruni, na ingine ikae mbali, mu mashini kubwa yenye batu ya kwetu ba inchi za baridi batachunga, halafu zote ziwe zinapeana habari kila siku. Nikakataa siku nyingi. Lubunga ya Fizi ikae Nundu, kwa ule mutu? Anzuruni alicheka, akasema atajenga meza kubwa kushinda ya kwangu.

Halafu nikakukumbuka ungali mudogo, siku tulikimbia. Risasi zilikuwa upande wa juu, mama yako amebeba mukeka, mi nimekubeba we ku mabega, na mu mukono mwingine kuni yenye kuwaka, nimeitoa mu moto wa lubunga. Kila baba alichukua kuni yake, huyu akashuka ku ziwa, huyu akaingia mu pori. Ya kwangu ilizima mu mvua. Kwenye tulisimama, tuliwasha na ile ya jirani. Ulinivuta sikio ukauliza, "Papa, sasa huu ni moto wa wapi?"

Nikakujibu ni wa Fizi.

Basi nikaita Riziki, nikamuambia aweke kwenye anataka, hata Nundu. Lakini hapa ku meza yangu pia, kasanduku kapya, na kitenge chako juu yake wakati wa vumbi.

Ilipofunguka, kitu cha kwanza niliandika si chui. Chui inaweza kungoja. Niliandika ukurasa wa mama yako, sababu wako haupo na hakuna mwingine alimujua sawa mi. Niliandika jina lake, Nyota, na kijiji chake, na vile alikuwa anapika sombe, na vile alikufa unamushika mukono. Niliandika kwamba aliniona siku moja, kijana fundi mwenye nguvu, na siku ile ile akanikubali. Nikabonyeza. Nikaenda kunywa maji.

Niliporudia, ukurasa ulikuwa umebadilika. Ni Anzuruni, toka Nundu. Ameandika, "Hapo umeruka, shemeji. Rudi. Dada yangu alikukataa kwanza. Alikukubali baada ya kuona unamujengea mama yetu jiko na hauombi kitu."

Hasira ilinipanda mpaka ku shingo. Kidole kilikuwa tayari ku herufi. Halafu nikasoma tena ile ya kwanza, hapo umeruka, nikabaki nimekaa. Ile jiko nilikuwa nimeisahau. Ni mi nilijenga, na nilikuwa nimeisahau, na kumbe Nyota hakusahau, alimuambia kaka yake. Nilisoma mpaka jua likaondoka ku meza.

Sikufuta. Iko pale, unaweza kuona. Ya chui sitaacha.

Moto unawaka, Sifa. Kwenye uko, kama mu barua hii kuna kitu nimeruka, nikosoe.

Ni mi papa yako, mwenye meza.